Gitaa, galatoni na vyombo: msamiati wa wapiga gitaa

Gitaa (nomino, gitaa la, magitaa ya) ni ala ya nyuzi yenye tumbo, shingo na, kwa kawaida, nyuzi sita. Neno lenyewe limezoeleka kiasi kwamba mtumiaji wa kamusi ni nadra kulitafuta. Haja huanza anapotaka kutaja gitaa la aina fulani, au kifaa kinachokwenda nalo, au duka linalouza vitu hivyo. Hapo wafasiri wengi huacha maneno yaliyopo wakajitungia mapya: “gitaa la akustiki”, “kifaa cha kukuzia sauti ya gitaa”, “mpigaji wa gitaa la mdundo”. Maneno yaliyopo yalienea kwa vinywa vya wapiga gitaa wenyewe, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakati gitaa la umeme lilipokuwa likijenga muziki wa roki Marekani na Uingereza na, wakati huohuo, muziki wa dansi Afrika Mashariki. Mengi hayakupitia shuleni wala kwenye kamati ya istilahi. Bado yanasikika kwa wazee waliopiga dansi, na yasipoandikwa yataondoka nao.

Mtowisa ni mahali pazuri pa kuyatazamia maneno hayo, na sababu ni umbali wake na maduka. Mahali hapo, katika Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, pako bondeni, kati ya milima ya Lyambalyamfipa na Ziwa Rukwa. Anayetoka uwanda wa juu wa Ufipa hana budi kuteremka ukingo wa bonde. Kutoka Sumbawanga mjini hadi Tunduma, penye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 220. Katika nchi kama hiyo kitu cha kiwandani hufika kwa njia inayoweza kutajwa, na neno lake hufuatana nacho. Ufipa una njia tatu: ya kusini, inayotoka kwenye migodi ya shaba ya iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ya magharibi, inayovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, ziwa ambalo meli ya Liemba ililihudumia kwa kupitia bandari ndogo kama Kipili na Kasanga, na ya mashariki, inayotoka pwani kwa barabara na, baadaye, kwa mawimbi ya redio. Msamiati wa gitaa una alama za njia zote tatu.

Umbo la neno gitaa

Irabu ndefu ya mwisho ndiyo ushahidi wa asili ya neno hili. Waingereza hawatamki r ya mwisho wa jina la ala hii. Hurefusha irabu na kuikazia. Kiswahili, ambacho hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kiliihifadhi sauti hiyo kwa kuigawa irabu katika silabi mbili: gi-ta-a, mkazo ukiwa kwenye ta. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa baa na staa, ambayo nayo hayana r na huchukua ma- katika wingi: mabaa, mastaa, magitaa. Kwa sababu hiyo tahajia “gita”, inayoonekana katika baadhi ya maandishi, haifai. Msomaji atakazia gi, na hapana mpiga gitaa anayetamka hivyo.

Linganisha na majirani. Kilingala kina gitare na Kinyarwanda kina gitari, maumbo yaliyobakiza r ya Kifaransa. Kijerumani nacho hutamka r hiyo waziwazi. Wajerumani walitawala Ufipa kutoka boma lao la Bismarckburg, ambalo leo ni Kasanga, nao waliacha maneno kama shule na hela. Lau gitaa lingeingia Kiswahili kwa mkono wao, umbo lake lingetarajiwa kuwa “gitare”. Halikuwa hivyo. Neno ni la zama za Mwingereza.

Kabla yake kulikuwa na kinanda na gambusi. Gambusi ni ala ya nyuzi ya pwani yenye asili ya Uarabuni. Kinanda, katika kamusi za zamani, kilikuwa kwanza jina la ala ya nyuzi, kisha kikapanuka kutaja takriban kila ala ya Kizungu, hata gramafoni. Mfasiri anayekutana na “kupiga kinanda” katika maandishi ya mwanzo wa karne ya 20 asiharakishe kufikiria ala ya vibonye ya kanisani; huenda mhusika ameshika kitu cha nyuzi mapajani. Maana ya vibonye ndiyo iliyoshinda baadaye, na katika parokia za Ufipa, kama kwingineko Tanzania, mpiga kinanda leo ni yule anayeongoza kwaya kwa vidole kumi.

Galatoni

Galatoni (nomino, galatoni la, magalatoni, au galatoni ya bila kubadilika katika wingi) ni gitaa lisilotumia umeme, hasa la bei nafuu, la aina iliyoenea kabla ya magitaa ya umeme kuwafikia watu wengi. Wanamuziki wengi wa dansi wa Tanzania walianzia hapo, na katika habari za maisha yao sentensi ya namna hii ni ya kawaida: “Alijifunza galatoni akiwa kijana, kisha akaingia bendini.”

Asili yake ni jina la biashara. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo mizizi yake ni duka la gramafoni lililofunguliwa na Eric Gallo mjini Johannesburg mwaka 1926, ilitoa santuri kwa jina la Gallotone, na magitaa yaliyotengenezwa Durban yaliuzwa kwa jina hilohilo. Yalikuwa magitaa ya watu wa kipato kidogo. Wanaume wa kusini mwa Tanganyika walioajiriwa na shirika lililojulikana kama Wenela kwenda migodi ya Afrika Kusini, na wale waliokwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, walifanya kazi katika nchi ambazo bidhaa za Gallo zilijaa madukani. Tanganyika ilipopata uhuru ilisitisha uajiri wa Wenela, lakini kufikia hapo kilichobebwa kilikwisha kubebwa. Hii ndiyo njia ya kusini, na galatoni ndiyo alama yake iliyo wazi kuliko zote.

Gitaa hilo lilisafiri mbali zaidi ya Tunduma. John Lennon alikuwa na Gallotone Champion mikononi tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool. Ndani yake mlikuwa na kibandiko cha kumhakikishia mnunuzi kwamba mbao hazitapasuka. Kijana wa Liverpool na kibarua arudiye kusini mwa Tanganyika, basi, walikuwa wateja wa bidhaa moja, na kwa sababu moja: hawakuwa na fedha za kununua kilicho bora. Tofauti ni kwamba Kiingereza cha Liverpool hakikulifanya jina hilo kuwa nomino ya kawaida. Kiswahili kilifanya hivyo, kama kilivyofanya kwa kiwi ya viatu na bajaji ya abiria. Kwa kuwa limekwisha kuwa nomino ya kawaida, liandikwe kwa herufi ndogo na kwa tahajia ya Kiswahili. “Gallotone” iachiwe bidhaa yenyewe.

Kuna anayedhani galatoni imetokana na galoni, yaani debe au kopo la mafuta, kwa kuwa watoto hujiundia magitaa ya makopo, yenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli au mshipi wa kuvulia samaki. Dhana hiyo inavutia, hasa penye wavuvi kama kando ya Ziwa Rukwa, lakini haielezi silabi to imetoka wapi. Gitaa la kopo ni gitaa la kopo. Galatoni lilinunuliwa dukani, na heshima ya mwenye nalo ilitokana na hilo.

Gitaa kavu

Gitaa kavu ni istilahi sahihi na ya kutosha kwa gitaa lisilo la umeme. Haina haja ya “akustiki”. Kivumishi kavu hapa hakihusiani na maji. Maana yake ni tupu, bila kiungo cha ziada, kama katika “chai kavu”, ambayo ni chai bila kitafunwa. Hata hivyo, ulinganifu wake na Kifaransa ni mkubwa mno kuwa wa bahati: Wafaransa huita gitaa hilo guitare sèche, neno kwa neno “gitaa kavu”. Muziki wa Kongo, ambako Kifaransa na Kiswahili vinakaa nyumba moja, ndio daraja linaloelekea zaidi. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Katanga, ambayo leo ni Likasi, alikuwa bingwa wa gitaa kavu na aliimba kwa Kiswahili. Wimbo wake “Masanga” ulisambazwa na kampuni ileile ya Gallo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kupiga muziki Nairobi. Njia ya magharibi na njia ya kusini zinakutana kwa mtu huyu mmoja.

Kinyume cha gitaa kavu ni gitaa la umeme. Tofauti hiyo kijijini ilikuwa na uzito usiokuwapo mjini, kwa kuwa gitaa la umeme pasipo umeme ni ubao wenye waya. Hata Sumbawanga mjini, kwa miaka mingi, umeme ulinunuliwa kutoka Zambia. Dansi ya kijijini ilihitaji jenereta au betri za gari. Kwa hiyo pale ambapo mwandishi wa hadithi ya miaka ya 1960 anamweka mhusika wa bondeni na gitaa tu, bila sifa, msomaji na mfasiri waelewe gitaa kavu, isipokuwa matini yaseme vingine.

Duka la santuri na duka la vyombo

Kiswahili cha kipindi hicho hakikuwa na “duka la muziki” kwa jumla. Kulikuwa na duka la santuri, lililouza sahani za muziki, gramafoni na sindano zake. Na kulikuwa na duka la vyombo vya muziki, lililouza magitaa, nyuzi, ngoma na tarumbeta. Katika miji mikubwa duka moja liliweza kuwa vyote viwili, na hata kuwa kampuni ya kurekodi. Mfano unaojulikana ni Assanand & Sons ya Mombasa, wafanyabiashara wa muziki waliotoa pia santuri zao wenyewe kwa jina la Mzuri. Mfasiri hana budi kuamua ni duka gani linalotajwa. Mhusika anayeingia dukani kusikiliza wimbo mpya ameingia duka la santuri. Anayeingia kutafuta uzi wa kwanza uliokatika ameingia duka la vyombo.

Mtu wa Mtowisa hakuwa na lolote kati ya hayo karibu. Alikuwa na fundi baiskeli, aliyekuwa na waya wa breki, na akipanda Sumbawanga alimpata fundi redio. Huyu wa pili anastahili nafasi katika msamiati wa gitaa kuliko anavyopewa. Redio kubwa ya zamani ina kikuza sauti na spika ndani yake, na anayejua kulehemu anaweza kuifanya ipokee sauti ya gitaa. “Fundi redio” halitafsiriwi kwa kutaja redio pekee. Kwa vizazi viwili alikuwa fundi wa kila kitu chenye waya na sauti.

Vyombo

Hili ndilo neno linaloponza wafasiri kuliko mengine yote. Chombo kina maana nyingi: cha jikoni, cha baharini, cha usafiri, cha habari, cha dola. Katika lugha ya bendi, vyombo bila sifa yoyote ni mkusanyiko mzima wa zana za kupigia muziki: magitaa, ngoma, maikrofoni, amplifaya, spika na nyaya zake. “Bendi imepata vyombo vipya” hailingani na “bendi imepata ala mpya”. Ala ni neno la uainishaji. Filimbi ni ala, zeze ni ala, na sauti ya binadamu huweza kujadiliwa kama ala. Spika si ala, ila ni chombo. Anayeandika “ala” mahali pa “vyombo” huwa ameacha nje nusu ya mzigo, na kwa kawaida ile nusu yenye bei kubwa.

Bei ndiyo iliyolipa neno hili uzito wake. Wanamuziki wachache waliweza kununua vyombo. Bendi za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz Band iliyoanza mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band ya mwaka 1944, zilikuwa klabu za wanachama. Baada ya uhuru taasisi zikawa ndizo wanunuzi: NUTA Jazz Band ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Jeshi, polisi na umoja wa vijana nao wakawa na bendi zao. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ilihamia kwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mwaka 1983. Kwa mpangilio huo mpigaji aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa alilolizoea lilibaki, likashikwa na mwingine. Ndiyo maana katika mazungumzo ya wanamuziki “mwenye vyombo” ni jina la cheo. Ni yule anayeamua nani apande jukwaani. Kulitafsiri kwa neno lenye maana ya mmiliki wa ala tu hupunguza mamlaka yaliyomo; kulitafsiri kwa mwenye sufuria na sahani huchekesha, na wapo waliofanya hivyo.

Biashara ya kuingiza bidhaa ilipowekwa chini ya shirika la umma mwaka 1967, na baadaye, mwaka 1973, chini ya kampuni za biashara za mikoa, maduka binafsi ya vyombo yalizidi kubanwa. Fedha za kigeni zilipoadimika, nyuzi za gitaa hazikuweza kushindana na dawa wala vipuri vya malori. Kitenzi kuazima kikawa jirani wa kudumu wa nomino vyombo. “Tumeazima vyombo” ni maelezo ya hali ya bendi, na msikilizaji aliyeishi miaka hiyo hahitaji kuongezewa neno.

Upatanisho wa kisarufi wa spika uangaliwe. Spika wa Bunge huchukua ngeli ya A-WA: spika amesema. Spika ya muziki hubaki I-ZI: spika imepasuka, spika zimepasuka, wengine husema maspika, na si kosa katika mazungumzo. “Spika amepasuka” ni habari ya aina nyingine kabisa.

Solo, rizimu, besi na misolo

Bendi ya dansi hugawa kazi ya magitaa. Solo ndilo linaloongoza, na mpigaji wake ni mpiga solo; Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyeunda Super Volcano mwaka 1973, aliitwa Soloist National. Besi hubaki besi, kwa i ya kufungia konsonanti. Rizimu lina maumbo mawili. Kiswahili kina sauti dh, kwa hiyo ridhimu lingeweza kuwa umbo la karibu zaidi na asili. Lakini bara, ambako wengi hutamka dh kama z, rizimu ndilo lililoshika. Yote mawili yakubalike, mradi mwandishi asichanganye katika matini moja. “Gitaa la mdundo” liepukwe, kwani mdundo ni kazi ya ngoma na besi, na mpiga rizimu hatajitambua.

Misolo ni mtego mzuri wa mtihani. Linaonekana kama wingi wa “msolo”, nalo silo. Ni Kifaransa mi-solo, yaani nusu solo: gitaa la tatu la Kikongo linalokaa kati ya solo na rizimu, likijaza nafasi ambazo hayo mawili yameziacha. Liwe katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi umbo moja, na liandikwe bila kistari. Kuliundia umoja “msolo” ni kulipa historia isiyo yake.

Vitenzi

Kupiga gitaa ni kitenzi cha jumla, kisicho na sifa wala lawama. Kucharaza kimetoka kwenye kuchapa kwa fimbo, na kinapotumiwa kwa gitaa hubeba ustadi na wepesi: “Alilicharaza solo mpaka wachezaji wakasahau viti.” Kukung'uta, ambacho asili yake ni kupiga kitu ili vumbi litoke, huelekea zaidi nguvu na ukavu wa sauti, nacho hufaa gitaa kavu na rizimu kuliko solo. Besi huungurumishwa. Solo hulizwa, au lenyewe hulia. Mfasiri anayetumia kupiga kila mahali hakosei sarufi, lakini amewapa wapigaji wote mkono mmoja.

Mchezaji ni neno la kuangalia. Katika lugha ya dansi, kucheza ni kazi ya miguu. “Mchezaji gitaa”, kwa kuiga lugha nyingine, humpa msomaji picha ya mtu anayecheza huku amebeba gitaa. Mpiga gitaa, au mcharaza gitaa kwa kusifia, ndiyo maumbo ya kawaida.